Haki ya Kangaga: Maadili ya Kufyeka Mmea wa Asili katika Delta ya Rufiji

Kangaga (Acrostichum aureum) na mtambaa uitwao kitaalamu Derris trifoliata ni mimea ya asili ya delta ya Rufiji nchini Tanzania. Hata hivyo, upande wa kaskazini wa delta, wilayani Kibiti, mimea hiyo inazuia mikoko kurudi. Wakulima hufyeka mikoko wapande mpunga. Baada ya miaka michache magugu na kaa huzidi, na shamba huachwa. Ardhi ikishapigwa na jua, kangaga huota vichaka vizito vinavyozuia mbegu za mikoko kama mkandaa na msinzi zinazoelea majini, na mtambaa huiparamia miche na kuinyima mwanga.

Je, binadamu ana haki ya kukiondoa kiumbe kilicho kwao? Mwanafalsafa Mmarekani Paul Taylor, katika kitabu chake Respect for Nature (1986), alishikilia kwamba kila kiumbe hai kina heri yake inayostahili heshima. Mwanaikolojia Mmarekani Aldo Leopold, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1949, aliitazama ardhi nzima, pamoja na maji, mimea na wanyama wake, kuwa jumuiya moja ambayo binadamu ni mwanachama wake tu. Kwa Waislamu, walio wengi katika vijiji vya delta, binadamu ni khalifa: ardhi ni amana, na uumbaji una mizani asiyoruhusiwa kuivuruga.

Njia hizo tatu zinakutana mahali pamoja. Kangaga haina kosa. Imejaza nafasi iliyofunguliwa na panga la binadamu. Kwa hiyo kuifyeka si adhabu bali ni fidia, na fidia ina mipaka. Hailengi kuitokomeza, bali kuirudisha kwenye kiasi chake. Moto haufai, kwa kuwa mashina ya kangaga ya chini ya udongo huchipua tena; sumu nayo huingia katika maji ya samaki na kamba. Inayofaa ni kufyeka kwa mkono, kurudia, na kupanda mikoko mpaka kivuli chake kiidhibiti.

Fidia hiyo haiwezi kubebeshwa mkulima peke yake. Aliyelima kwa njaa ana wajibu, lakini pia ana haki ya kula. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu serikali na vijiji kusimamia msitu kwa pamoja. Usimamizi huo ni wa haki pale tu wanaofyeka na kupanda wanapogawiwa manufaa ya msitu wanaourudisha.