Kilema cha Mtoto na Haya ya Wazazi

Tumeulizwa na ndugu zetu walioko Nyeri, katika wale waliotoka pwani wakafanya maskani miji ya Mlima Kenya: mtoto wa kiume akizaliwa na dhakari iliyopinda, je, kumpeleka kwa daktari anyooshwe si kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu? Na je, si bora kusitiri na kusubiri?

Kwanza ijulikane kilema chenyewe. Hutokea mtoto angali tumboni, viungo vinapoumbwa. Mara nyingine upande mmoja wa dhakari huwa mfupi kuliko wa pili, na upindo hauonekani ila inaposimama. Mara nyingine tundu la mkojo haliko nchani, liko chini yake, na upindo hufuatana nalo. Namna hii ya pili hupata kadiri ya mtoto mmoja katika kila watoto wa kiume 200 au 300. Basi si hasadi ya jirani, wala si adhabu ya jambo alilolitenda mama. Na anayewauzia hirizi kwa ajili yake anakula mali zenu bure. Az-Zahrawi, mpasuaji wa Andalus aliyekufa mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika habari za mtoto kama huyo, asiyeweza kukojoa mbele mpaka ainue dhakari yake. Maulamaa wetu hawakuona haya kuliandika. Sisi twaona haya kulisema hata mbele ya daktari!

Ama kubadili maumbile, kulikokatazwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 119, hakumhusu mtoto huyu. Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha ikamnukia, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kuondoa madhara ni tiba, na tiba tumeamrishwa.

Na madhara yapo. Mtoto ambaye mkojo wake humwagikia miguuni hupata taabu ya kutahirika kwa ajili ya sala yake. Akipelekwa shule ya bweni, wenziwe humcheka bafuni. Akioa, huenda asiweze kumwendea mkewe. Mzazi aliyenyamaza husema amesubiri. Lakini subira ni ya mtu juu ya msiba wake mwenyewe, na huu ni msiba wa mtoto, ambaye ni amana mkononi mwa babaye.

Hapa pana jambo moja tulitakalo lisikike katika kila nyumba. Mwenye kilema cha tundu, govi lake huwa halikutimia, limekusanyika juu, na watu hufurahi kuwa amezaliwa ametahiriwa. Waarabu wa kale walisema ametahiriwa na mwezi. Ibn al-Qayyim akaihesabu kauli hiyo kuwa khurafa. Msimpe ngariba mtoto huyo! Govi lile ndilo ngozi ambayo mpasuaji huenda akaihitaji kutengenezea njia ya mkojo, na likitupwa halirudi. Katika madhehebu yetu ya Shafii khitani ya siku ya saba ni sunna, na kuichelewesha kwa udhuru hakuna dhambi.

Wenyeji wa Nyeri hutahiri kijana akikaribia balehe, na huko huenda kilema kikagunduliwa siku ya kisu. Waislamu, tunaotahiri wadogo, tuna nafasi ya kutazama mapema. Upindo mdogo huachwa bila kisu, na daktari ndiye wa kupima. Tundu lililo chini hutengenezwa aghalabu baina ya miezi 6 na 18. Zikiwa na korodani hazikushuka, asingojewe hata kidogo. Na aliyekwisha kubalehe asikate tamaa: daktari Nesbit wa Marekani alieleza mwaka 1965 njia ya kunyoosha dhakari kwa kufupisha upande ulio mrefu, na hata leo yatumika.

Hospitali ya rufaa ya Nyeri ndiyo mlango wa kwanza. Kutoka hapo aulizwe mpasuaji wa watoto, Nairobi au Kijabe. Kufunua utupu kwa tabibu wakati wa haja kumeruhusiwa. Ama khitani, mara nyingi govi hutumika au huondolewa katika operesheni ile ile, na faradhi imekwisha.