Picha ya Zamani, Faini Mpya

Aprili 2020 corona ilikuwa imeshaingia Tanzania na watu wameambiwa wasisongamane. Ukurasa wa Instagram wa gazeti la Mwananchi ukaweka picha ya Rais John Magufuli akiwa katikati ya umati. Picha yenyewe ilikuwa ya zamani. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) haikuchelewa: leseni ya gazeti hilo ya maudhui ya mtandaoni ilisimamishwa miezi 6, na faini ya shilingi milioni 5 juu yake. Gazeti zima, na wahariri wake waliosomea kazi, liliponzwa na picha moja.

Sasa njoo Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye kundi la WhatsApp la wauza simu wa Mtaa wa Aggrey, ambako mhariri hayupo. Tuseme kuna kijana mwenye kibanda cha kava na chaja. Mkono mmoja unarudisha chenji ya mteja, wa pili umeshika simu. Inaingia picha: maofisa wa kodi wanapakia marobota kwenye gari, na maneno, "Kamatakamata imerudi, fungeni maduka!" Kibao cha duka linaloonekana nyuma kimeandikwa jina la mji mwingine kabisa, lakini nani ana muda wa kuikuza picha mteja akiwa mbele yake? Anairusha kwenye makundi yake yote, na chini anaongeza ile kinga yetu sote: "Nimetumiwa kama ilivyo."

Kinga hiyo haimo kwenye sheria. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamlenga anayechapisha taarifa akijua ni za uongo au za kupotosha, kwa nia mbaya, ikiwemo ya kuudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kijana atasema hakujua, na huenda hakimu akamwamini. Ila hayo ni ya mwisho wa safari. Kabla ya hapo simu imeshachukuliwa kuwa kielelezo, na humo ndimo zilimo namba za wateja wa Zambia na Kongo, oda zao, na laini ya M-Pesa. Kibanda kimefungwa, kodi ya fremu inadaiwa palepale.

Na kwenye mahakama ya Kisutu, ng'ambo tu ya viwanja vya Mnazi Mmoja, kesi hazina haraka. Maxence Melo wa mtandao wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016. Kosa lake halikuwa uongo. Alikataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Hukumu yake mojawapo ilitoka Aprili 2020: faini ya milioni 3 au jela mwaka mmoja. Huyo alikuwa na mawakili, na mashirika ya nje yakimfuatilia. Muuza kava ana nani?

Siisifu Sheria hii ya Makosa ya Mtandao. Ni pana mno, na wavu mpana hauchagui samaki. Hata Mahakama ya Afrika Mashariki, Machi 2019, iliona kuwa vifungu kadhaa vya ndugu yake, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Lakini ndiyo sheria tuliyonayo, na asiyependa kunyamazishwa hana sababu ya kuwarahisishia kazi wanyamazishaji.

Kumbuka Mei 2023. Maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa sababu ya kamatakamata ya kweli, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara, wakisema hadharani yaliyowapata wenyewe. Picha moja ya mji mwingine ingetosha kuwageuza wote kuwa wazushi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Aggrey, ukiona kwa macho yako, piga picha yako mwenyewe na uandike mtaa, saa na tarehe. Ukiletewa ya mwingine, mpigie kwanza mtu aliyeko huko umuulize. Asipopokea, iache hapohapo kwenye simu yako.