Dau la Mahindi

Tuseme mwaka 2015 Mshangano palikuwa na majirani wawili: dereva wa bodaboda, shabiki wa Lowassa, mgombea urais wa upinzani, na fundi seremala, mkereketwa wa CCM. Septemba ile taasisi ya Twaweza ilitangaza utafiti wake wa maoni: Magufuli wa CCM asilimia 65, Lowassa 25. Ipsos nayo ikatoa wake: 62 kwa 31.

Dereva akacheka. "Watu 1,848 waliopigiwa simu ndio watuchagulie rais? Mafuriko ya mikutanoni huyaoni?" Akaweka dau la debe la mahindi kwamba Lowassa anaingia Ikulu. Fundi, aliyevimba kichwa kwa zile takwimu, akaweka debe lake kwamba Lowassa hafikishi hata asilimia thelathini.

Kura zikapigwa Oktoba 25. Tume ya Uchaguzi ikatangaza Magufuli asilimia 58.46, Lowassa 39.97. Basi kila mmoja akawa anamdai mwenzake debe, wakaenda kuamuliwa na mzee mmoja mnunuzi wa mahindi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu."

Alipowasikiliza, akashika bambo lake. "Gunia silimwagi lote ndipo nijue mahindi yake. Nachoma juu, katikati na chini, nakinga punje kiganjani. Wewe wa bodaboda ulitazama mdomo wa gunia tu. Mkutanoni wamo watoto, wamo waliosombwa na malori, wamo wasio na kadi ya kupigia kura. Na mwenye kadi naye si lazima aende kituoni: waliojiandikisha walizidi milioni 23, waliopiga kura hawakufika milioni 16."

Fundi akatabasamu.

"Usicheke, na wewe una lako. Bambo lilikueleza nani yuko mbele, ukalifanya kama kura zimekwisha kuhesabiwa. Watu wale waliulizwa kampeni zikiwa bado changa, na ni wa Bara peke yake, Zanzibar haikuguswa. Halafu niambie: sauti usiyoijua ikikuuliza kwenye simu utamchagua nani, utataja aliye moyoni au utataja jina lisilokuletea matatizo? Hata bambo zuri halitoi punje iliyojificha."

Mzee hakumpa yeyote ushindi. Debe kwa debe, deni likafutika.

Funzo ni kwamba msikilizaji wa utafiti wa maoni hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza huutupa kwa sababu haukumpendeza, akaamini umati alioupenda. Wa pili huubeba kama matokeo, akaanza kushangilia mwezi mzima kabla ya kura. Kabla hujachagua upande, uliza: nani walihojiwa, na walipatikanaje? Waliulizwa lini, na mangapi yametokea tangu siku hiyo? Nani alilipia kazi hiyo? Wangapi walisema hawajaamua, au walikataa kujibu? Mwenye utafiti wa kweli huwa na majibu hayo mkononi. Asiyekuwa nayo, takwimu zake zisikutoe hata kisonzo cha mahindi.