Je, Twamwelewa Ndege wa Tunduni?

Dhahabu ya hapa Nyarugusu huuzwa mbali wala hailii. Kasuku mdogo wa kijani, mwenye mdomo mwekundu, mzaliwa wa kusini ya Ziwa Victoria, si dhahabu. Katika miaka ya 1980 alinaswa kwa maelfu, akauzwa ng'ambo kuwa ndege wa tunduni.

Tukimfuga, huyafasiri matendo yake tupendavyo. Akitafuna vijiti vya tundu, twasema ni mharibifu. Kumbe jike hubandua maganda ya miti na kuyabeba mdomoni akajenge kiota. Akipiga kelele, twasema anaimba. Kumbe anawaita wenzake, kwa kuwa porini huishi kwa makundi. Akitulia mchana kutwa, manyoya yamemvimba, twasema amezoea. Kumbe huenda anaumwa.

Je, hapo twamwelewa ndege, ama twaisikiliza furaha yetu wenyewe? Kumwelewa kiumbe ni kuuliza anahitaji nini, si anatupendezaje. Basi aliye naye na ampe mwenzi, matawi ya kutafuna na nafasi ya kuruka. Aliye porini tumwache. Huko hahitaji mfasiri.