Maajabu ya Dunia: Picha Elfu Sita

Spika ilipowashwa, watoto waliangua kicheko. Wimbo wa dakika nne ulikuwa ukipigwa kwa dakika mbili, sauti ya kwanza ikilia kama vifaranga waliopotelewa na mama yao. Wanakwaya, magauni ya kitenge yamepigwa pasi tangu alfajiri, walihangaika kufungua vinywa kuufukuzia. Tulikuwa kando ya shamba la migomba hapa Murusagamba, na mimi nilidhani mashine imeharibika.

Kumbe fundi wa video alijua afanyalo. Kamera yake ilichukua picha 50 kwa sekunde, lakini video ikionyeshwa hupita picha 25 tu. Kila tendo likarefuka mara mbili. Vinywa vilivyokimbizwa vikarudi kulingana na wimbo wenyewe, ila miili ikabaki na mwendo wa watu wanaovuka maji. Pindo la gauni liliinuka, likasita, kisha likashuka bila haraka. Vumbi jekundu lilining'inia magotini kama moshi wa jikoni asubuhi yenye ukungu.

Zamani wimbo ulitufikia kwa sikio, kupitia Radio Kwizera ya Ngara. Kisha "Kwetu Pazuri" ya kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali ikahama kutoka memori hadi memori, na watu wakataka kuziona nyuso za waimbaji. Leo kwaya isiyo na kichupa ni kama bwana harusi aliyekuja bila mshenga.

Nilikwenda kumtembelea fundi akihariri. Alinionyesha kwamba zile dakika nne ni picha mgando 6,000, na hakuna hata moja inayotikisika. Akabonyeza kitufe: mkono upo juu. Akabonyeza tena: umeshuka kidogo. Basi mwendo niliouona ulitoka wapi? Ulitoka kwangu. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba wenye chembe zaidi ya milioni 100 zinazopokea mwanga. Zinapeleka habari kwenye ubongo, nao unaziunga picha zile bila kukuomba ruhusa. Sijui dua ipi inatosha kushukuru kwa kipawa tunachokitumia hata kutazama mechi.

Wasanii wa mbali nao wamekichezea kipawa hicho. Mwaka 1985 kundi la a-ha la Norway lilitoa video ya "Take On Me", ambamo watu wanaingia na kutoka kwenye michoro ya penseli. Picha kama 3,000 zilichorwa kwa mkono, kazi ya wiki 16. Mwaka 2002 Chris Martin wa Coldplay alijifunza kuimba "The Scientist" kinyumenyume, ili video ikirudishwa nyuma, dunia yote irudi ilikotoka huku midomo yake ikiimba sawasawa. Mimi huyu wa pili ndiye aliyenishinda. Kuimba kinyume! Sisi tenzi tunazozijua tangu utotoni bado tunakosea ubeti wa tatu.

Fundi aliendelea kubonyeza. Juu ya bega la mama mmoja wa sauti ya pili, kereng'ende alitokea, mabawa yote manne yametandazwa, mwanga ukipenya ndani yake. Uwanjani hakuna aliyemwona. Tukabonyeza: bado yupo, amegeuka. Tukabonyeza tena, na bega likabaki peke yake.