Asiyejiandaa Abebwe na Nani?



Katika vikundi vya nyumbani tumekuwa tukisoma Wagalatia sura ya 6, na swali moja limerudi kila juma. Katika mstari wa 2 mtume Paulo anatuagiza tusaidiane kubeba mizigo. Mistari mitatu tu mbele, anasema kila mtu ana mzigo wake wa kubeba. Sasa tushike upi? Mama mmoja aliuliza kwa uchungu. Jirani yake humaliza mgao wote juma la kwanza, na kuanzia hapo watoto wa jirani huyo huja na sahani zao mlangoni pake. Anawapa. Lakini anataka kujua kama anampenda jirani yake au anamharibu.

Katika chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba Kiswahili kimetumia neno moja, mzigo, mahali ambapo Kiyunani kina mawili. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu hata asiweze kusimama peke yake. La pili ni furushi la msafiri, lile ambalo kila mwenye safari hulifunga na kulibeba mwenyewe. Maelezo hayo ni mazuri darasani. Njiani, furushi la mtu mmoja hugeuka kuwa uzito wa wenzake, na hapo ndipo penye kazi.

Tuutazame mlima wa Rwenzori. Wengi wetu tuliuona kwanza kutoka Mutwanga na Beni, kabla ya kuuona kutoka upande huu wa Uganda. Kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109, na mpaka wa nchi mbili unapita huko juu. Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alikifikia mwaka 1906 na kukipa jina la malkia wao. Alipanda na wapagazi wengi, lakini kilele chenye jina la mpagazi bado hatujakisikia.

Leo wageni huja kuuzunguka kwa siku kama 7, wakianzia Nyakalengija karibu na Kasese. Wapagazi ni Wakonzo, ndugu wa Wanande, wala lugha haiwatengi. Ndiyo maana baadhi ya Wanande wa kanisa letu waliweza kuzungumza kwa kirefu na ndugu mmoja Mkonzo, mwamini, aliyebeba mizigo huko kwa miaka mingi. Mengi tunayoandika hapa yametoka kwake.

Usiku wa kwanza hulala Nyabitaba, karibu mita 2,650. Siku ya tatu wako Bujuku, karibu mita 3,960. Kutoka hapo hupanda hadi Elena, juu ya mita 4,500, penye mawe na baridi kali. Katikati ni matope ya kuzamisha mguu hadi gotini, kwa hiyo wenyeji huvaa mabuti ya mpira na kuwacheka wenye viatu vya bei. Waganga wanashauri kwamba mtu akishapita mita 3,000 asipandishe mahali pake pa kulala zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Hesabuni wenyewe muone jinsi njia hii isivyomngoja mtu.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi. Haumwogopi kijana wala mwenye misuli. Ukizidi, mapafu hujaa maji au ubongo huvimba, na mtu hupepesuka kama mlevi. (Kuhani Eli alimdhania Hana kuwa amelewa, kumbe ni mateso. Tusiwe wepesi wa kuhukumu wanaopepesuka.) Dawa yake kubwa ni kushuka, na kushuka mapema.

Ndugu yetu alieleza habari za mgeni aliyekuja na viatu vyepesi na nguo za pamba ambazo zikilowa hazikauki. Hakuwa amefanya mazoezi. Alisema kwa furaha kwamba atafika tu, moyo ukitaka mwili hufuata. Kule Bujuku kichwa kilianza kumuuma. Kiongozi alimuuliza asubuhi, akajibu yu mzima. Akamuuliza tena mchana, jibu likawa lile lile. Alikuwa amelipa fedha nyingi na aliona aibu. Walipofika Elena, usiku alianza kutapika, na alipojaribu kusimama hakuweza kwenda hatua 3 bila kushikwa. Walimteremsha gizani juu ya mawe yenye barafu, watu 4, kwa zamu. Mpagazi mmoja alivua koti lake akamvika. Mgeni alipona. Mwenye koti alikohoa mwezi mzima.

Wako wanaosema kwamba kutoka bila kujiandaa ndiyo imani, nao hututajia Ibrahimu, aliyetoka asijue aendako. Ni kweli hakujua. Lakini someni Mwanzo 12 hadi mstari wa 5: alichukua mke, mtoto wa ndugu yake, mali yote na watu wa nyumbani mwake. Hakujua mwisho wa njia, lakini chakula cha njiani alikuwa nacho. Musa naye alikuwa na wingu la kumwongoza, na bado alimsihi Hobabu asiwaache, kwa kuwa Hobabu alijua mahali pa kupiga kambi jangwani. Na Eliya, kabla ya kwenda Horebu, mlima wa Mungu, malaika alimwamsha mara mbili ale, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mungu mwenyewe hakumpandisha nabii wake mlimani na njaa. Aliyemwambia Yesu ajitupe tu kutoka juu ya hekalu, malaika watamdaka, tunamjua ni nani.

Hata hivyo tunakataa kuwaweka wote kapu moja. Waisraeli walitoka Misri na unga uliokandwa usiochachuka, kwa sababu hawakupewa nafasi. Julai 2013, Kamango iliposhambuliwa, makumi ya maelfu ya watu wetu waliingia Bundibugyo, chini ya milima hii hii, wengine na mtoto mgongoni na sufuria moja. Hao hakuna wa kuwauliza kwa nini hawakujiandaa. Wenyeji waliowapa maji na mahali pa kulala waliuona uzito, wakaubeba.

Yule mgeni wa Elena alikuwa na nafasi. Lakini hata yeye, kwa maoni yetu, kosa lake zito halikuwa viatu. Viatu vibovu wenzake wangeviona na kuvifanyia mpango. Kosa ni lile jibu la asubuhi na la mchana, kwamba yu mzima. Kama angesema Bujuku, angeshuka kwa miguu yake mwenyewe, mchana, na watu 4 wangelala usingizi. Asiyejiandaa huenda hana kitu cha kuwapa anaosafiri nao, lakini ukweli wa hali yake anao, na huo anawadai wote anaowategemea.

Kwa yule mama tulisema hivi: watoto wasirudishwe mlangoni, maana wao hawakuuza kitu. Lakini aende akaketi na jirani yake kabla ya siku ya mgao, wala si baada yake, amuulize kichwa kinauma wapi. Alikwenda. Alikuta deni la dawa, ambalo jirani alilificha kwa miezi kadhaa kwa aibu, na kila mgao ulikwenda kwa mwenye duka. Sasa wanawake wa kikundi wanalipunguza kidogo kidogo, na jirani anatunza nusu ya unga nyumbani kwa huyo mama.

Limebaki suala la koti, ambalo wazee wa kanisa hawajakubaliana. Walipofika Nyabitaba, mgeni akiwa amepata nguvu, mpagazi aliomba koti lake. Baadhi ya wazee wanasema angemwachia, kwa kuwa Bwana alifundisha kutoa hata joho. Sisi tunaona alifanya sawa. Juu mtu alikuwa anakufa. Nyabitaba hakuna aliyekuwa anakufa, na juma lililofuata mpagazi alikuwa anapanda tena.