Ondoka Chini ya Mretemu

Ndugu yangu unayesoma karatasi hii ukiwa bado kitandani saa nne asubuhi, mlango umeufunga, simu umeizima kwa kuwa hutaki mtu akuulize habari zako: nakuandikia wewe. Wengine wasikilize tu.

Mkumbuke nabii Eliya. Alikuwa juu ya Karmeli, moto umeshuka, manabii wa Baali wameaibika, watu wamelala kifudifudi. Siku ileile akapata nguvu za kukimbia kwa miguu mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha ukaja ujumbe mmoja tu wa kutishia kumwua kutoka kwa malkia Yezebeli, na shujaa yule akaishiwa. Alipofika Beer-sheba akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti uitwao mretemu, akaomba afe. Akalala.

Sasa niambie wewe mshirika mwenzangu, mwepesi wa kusema "ana pepo" na "hana imani": malaika alipomjia, alimhubiria nini? Hakumhubiria! Hakumkemea, wala hakumuuliza ameficha dhambi gani. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akaambiwa kwamba ana safari, akala. Na mtu huyo aliyekuwa akiomba kufa akatembea siku 40, usiku na mchana, mpaka Horebu. Ile sauti ya Mungu ya upole aliisikia huko alikofika. Chini ya mti hakuisikia.

Fungu hili nimelihubiri miaka mingi, na miguu ile ya Eliya iliyotembea sikuiona. Niliuona moto, nikaisikia sauti. Watu wenye sonona walipokuja kwangu niliwaambia, "Omba zaidi, mama. Funga siku tatu." Wakarudi nyumbani wakajifungia zaidi. Hilo nalitubu hapa, kwa maandishi.

Maana sonona ina chakula chake ikipendacho, nacho ni hamu. Mtu anakosa hamu ya kuoga, ya kula, hata ya kuitikia salamu. Naye anangoja. Anasema: nikipata hamu nitatoka. Haiji! Itatoka wapi, wakati yenyewe ndiyo iliyougua? Unamngoja mgonjwa aje akubebe mgongoni. Wanasaikolojia wamejenga tiba nzima juu ya jambo hili: mgonjwa hupangiwa kitendo kidogo, siku yake na saa yake, naye hukifanya kama anayemeza kidonge, apende asipende. Utamu huja nyuma, tena ukichechemea. Kwa hiyo nakusihi, miguu kwanza. Usiiulize nafsi yako asubuhi kama inataka. Itakujibu hapana, na itakujibu hivyo kesho na keshokutwa.

Mnataka ushahidi wa maabara? Upo. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa matokeo ya watu 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 na kuendelea. Kundi moja lilipewa dawa, la pili mazoezi, la tatu vyote viwili. Mazoezi yenyewe yalikuwa kutembea kwa haraka au kukimbia polepole nusu saa, mara 3 kwa wiki, basi. Dawa ilianza kuleta nafuu mapema zaidi. Lakini wiki 16 zilipotimia, makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Na miezi 6 baadaye, waliopona kwa mazoezi peke yake ndio waliorudiwa na ugonjwa kwa uchache. Watu wa miaka 50! Na wewe wa miaka 27 unaniambia habari za magoti kuuma.

Huko Norwei nako waliwafuatilia watu wazima karibu 34,000 kwa takriban miaka 11. Hesabu yao ilionyesha kwamba kama kila mmoja angefanya mazoezi angalau saa 1 kwa wiki, asilimia 12 ya visa vipya vya sonona visingetokea. Saa moja kwa wiki nzima! Na kasi haikuwa na maana kubwa. Mwenda pole hakupungukiwa.

Msinielewe vibaya, hasa ninyi mnaopenda kunukuu wahubiri nusunusu. Sikusema mtupe dawa. Anayemeza vidonge na aendelee, asiviache bila kauli ya daktari wake. Anayewaza kujidhuru asingoje mazoezi. Apelekwe hospitali leo hii, na tukome kulifanya jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kuwa tusi la mtaani. Eliya mwenyewe alikuwa mkimbiaji, na bado alianguka. Mazoezi si hirizi.

Nawe mwenye wasiwasi, ambaye moyo ukidunda unadhani ndiyo safari ya mwisho, sogea karibu. Unachokiogopa ni mwili wako mwenyewe: mapigo, jasho, pumzi kukatika. Basi kimbia, kama daktari amesema moyo wako ni mzima. Vyote vitatu vitakuja, tena mchana kweupe na kwa kuitwa na wewe. Kisha utakaa kwenye jiwe, na baada ya dakika chache vitatulia, nawe hujafa. Rudia kesho. Mwili unajifunza kwa kurudia. Maneno yangu peke yake hayataufundisha kwamba moyo unaodunda unaweza kuwa moyo unaofanya kazi yake.

Mama mmoja alinisimamisha baada ya ibada. "Mchungaji, nachota maji, nalima, nabeba kuni. Mazoezi gani mengine unayoyataka?" Nilikosa jibu siku ile. Leo ninalo, na haliwapendezi wanaume. Jasho la shambani linaufaa mwili, lakini watafiti wanaona mara kwa mara kwamba kinachoinua moyo hasa ni mwendo ambao mtu ameuchagua katika muda wake mwenyewe. Kazi nzito ya lazima haileti faraja ileile. Mama huyo hana upungufu wa kutoka jasho. Amekosa nusu saa iliyo yake. Baba, shika mtoto! Chochea jiko wewe, mkeo atembee mikono mitupu mpaka darajani, akirudi asiulizwe alikuwa wapi.

Tena msitembee peke yenu kama mnaweza kupata wenzi. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, na chini ya mretemu hakuwa na wa kumwamsha ila malaika. Aliposhuka kutoka Horebu akapewa Elisha. Sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania tulijua hilo kabla ya kujua kuandika: mchakamchaka alfajiri, mmoja anaanzisha wimbo, wengine tunaitikia, vumbi puani, na hata aliyeamka amenuna anajikuta anaitikia. Wimbo ule ulikuwa pia kipimo cha mwendo. Ukishindwa kuitikia unakwenda mbio mno, punguza.

Jumamosi hii tunaondoka langoni mwa kanisa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mpaka sokoni na kurudi. Njiani tutakutana na ndugu zetu Waislamu wakirudi kutoka sala ya alfajiri, nao tutawaamkia. Raba si lazima. Mzee wetu mmoja wa kanisa huja na kandambili na hajawahi kuachwa nyuma. Wewe uliyejifungia, tutapita kwako na kugonga. Hatutakuuliza unajisikiaje. Kutakuwa na chai na mkate mikononi mwetu, na utaambiwa uvae viatu.